Ukuta Uliotokwa na Upele

Jumatatu asubuhi Mama Chiriku alilala kifudifudi kwenye kitanda chembamba cha maabara, blauzi kaivua, shavu limegandana na karatasi iliyotandikwa, na muuguzi akawa anambandika plasta mgongoni. Kila plasta ilikuwa na vijisahani vya plastiki vidogo kuliko ukucha, na katika kila kijisahani tone la mafuta mazito yaliyochanganywa na chumvi ya madini. Kulikuwa na nikeli, kulikuwa na kobalti, kulikuwa na kromi, na mwisho kabisa ile mpya iliyoletwa na kampuni ya vifungo, ambayo ilikuwa haijapewa jina bado. Iliitwa Namba Ishirini na Moja.

"Uwii, baridi!"

"Hiyo imetoka kwenye friji sasa hivi," alisema muuguzi, huku akichora mistari pembeni ya plasta kwa wino usiotoka, ili siku ya kusoma wajue ipi ni ipi. "Haya sikiliza, mama. Usiloweshe mgongo. Usijikune. Usibebe kitu mgongoni."

"Hata mtoto?"

"Mtoto ndiyo kitu chenyewe ninachokisema."

Kazi ya jengo lile ilikuwa rahisi kuelezea. Kabla kiwanda hakijatia madini mapya kwenye hereni, au mikanda ya saa, au vifungo vya nguo, kilileta kidogo pale, yakabandikwa kwenye migongo ya watu waliojitolea, na migongo ikasomwa. Mgongo ukivimba na kuwa mwekundu, madini yale yana mzio, yarudi yalikotoka. Mgongo ukiwa safi, ruksa.

Wengi waliojitolea walikuja kwa sababu ya chai na mkate wa siagi. Mama Chiriku alikuja kwa sababu ya mwanawe. Mtoto huyo aliitwa Chiriku kwa kuwa alianza kupiga domo kabla hajaota jino hata moja, na sasa, chini kidogo ya kitovu chake, alikuwa na kidonda chekundu cha duara, ukubwa ule ule wa kifungo cha chuma cha kaptura yake. Kaptura yenyewe iligawiwa bure wodi ya wazazi, ikiwa ya majaribio, na kifungo chake kilipakwa Namba Ishirini na Moja. Zahanati walimwambia ni joto. Aliporudi katikati ya mvua, wakamwambia ni joto lile lile.

"Joto gani hilo linakaa mahali pamoja tu, tena kwa duara?" aliuliza, na akaambiwa apishe mwenzake.

Basi alikuja mwenyewe na mgongo wake. Mgongo ukivimba, kampuni itazuiwa kabla haijajaza maduka. Ndicho alichokuwa anakitaka, na alikitaka kwa moyo wote.

Maabara ilikuwa na desturi moja. Ukishabandikwa, ulikaa kwenye benchi la korido pamoja na wenzako, mgongo umegandamizwa ukutani, mpaka mafuta yashike. Desturi hiyo ilianza enzi za plasta mbovu zilizobanduka ovyo. Plasta nzuri zikaja, desturi ikabaki, maana hakuna aliyekumbuka kuifuta. Kwa hiyo walikaa pale, fundi saa mstaafu, dada wa saluni, Mama Chiriku na wengine, wamejipanga kama sahani kwenye rafu, migongo yao imeuegemea ukuta wa rangi ya maziwa, kila mmoja na kikombe chake.

Nyumbani mama mkwe wake alimbeba Chiriku mgongoni siku zote hizo, akilalamika kwa furaha.

"Haya, umeanza kuwashwa?"

"Bado, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Namwomba Mungu niwashwe."

Mama mkwe alimtazama juu mpaka chini. "Nimezaa sita mimi, nimeomba mvua, nimeomba mume arudi mapema. Upele sijawahi kuuomba. Watoto wa siku hizi mnamchosha Mungu."

"Ba-ba-ba-ba," alisema Chiriku mgongoni mwa bibi yake.

"Unamsikia? Hata huyu anakushangaa."

Jumatano plasta zilibanduliwa, Ijumaa daktari akasoma. Alikuwa mtu mzima mpole, mwenye taa kichwani na lenzi mkononi, na alikuwa na tabia ya kusema na mgongo badala ya mwenye mgongo.

"Safi," aliuambia mgongo wa Mama Chiriku. "Safi kama kaure. Nikeli hakuna, kobalti hakuna, Ishirini na Moja hakuna. Hongera."

"Daktari, angalia vizuri."

"Nimeangalia, mama."

"Labda huko chini kuna kakitu kadogo."

"Huko chini kuna alama ya lastiki ya sketi."

Fundi saa alikuwa safi. Dada wa saluni alikuwa safi. Migongo yote ilikuwa safi. Ni ukuta uliokuwa umeshika upele.

Uliuonyesha kwa mpangilio mzuri. Pale kila mmoja alipokuwa amekaa, rangi ya maziwa ilikuwa imeinuka kwa viduara vyekundu, safu kwa safu, vingine vikitoa majimaji kidogo. Kwenye nafasi ya Mama Chiriku kiduara cha mwisho, cha Namba Ishirini na Moja, kilikuwa kimevimba kama bisi. Muuguzi alikigusa kwa mgongo wa kidole.

"Moto," alisema. "Daktari, huu umeshika kweli kweli."

Daktari alishusha taa yake, akausoma ukuta tangu mwanzo wa benchi hadi mwisho, bila haraka, jinsi alivyosoma migongo. "Nikeli, wastani. Kobalti, hafifu. Ishirini na Moja, kali. Tena kali kila mahali. Sijaona matokeo yaliyonyooka namna hii tangu nianze kazi."

Mama Chiriku alihisi moyo unamwinuka. "Basi si ndiyo hayo? Andika, daktari!"

"Niandike wapi?"

"Hapo unapoandika siku zote."

"Mama, hapa tuna kibali cha kusoma migongo." Aliizima taa kwa masikitiko ya kweli. "Ukuta haukujitolea. Haukuulizwa. Kumsoma mtu ambaye hakukubali ni kosa kubwa katika kazi yetu."

"Uulizeni sasa hivi, utakubali."

"Na ukikubali, una umri gani? Tunapokea watu wazima wasio na ugonjwa wa ngozi. Huu, kama unavyoona, ni mgonjwa."

Cheti kilitoka wiki iliyofuata. Kilisema kwamba migongo yote ilikuwa safi, na ilikuwa kweli tupu.

Shida ikawa kwamba ukuta uliwashwa. Jengo lilianza kujisugua kwenye jengo la jirani, ambalo lilikuwa ofisi ya bima, taratibu, huku na huku, kama ng'ombe aliyepata mti. Mchana mmoja karani wa bima alikuja mlangoni na shati lililolowa.

"Jamani, jengo lenu linatusukuma. Chai yote imenimwagikia."

"Pole sana," alisema muuguzi. "Si nyie ndio watu wa bima? Jilipeni."

"Nimeshaangalia. Tetemeko limo, mafuriko yamo, kujikuna hakumo."

Walimwita fundi wa kupaka rangi. Alipaka mkono wa kwanza asubuhi, wa pili saa sita, na saa nane rangi yote ilikuwa sakafuni, imebanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Alikusanya brashi zake.

"Bosi, mimi napaka kuta zenye afya. Huu upelekeni hospitali."

"Hapa ndipo hospitali yenyewe," alisema daktari, na akauandikia mafuta, kutwa mara tatu, kwa kitambaa laini.

Ndipo Mama Chiriku alipojitokeza kuupaka. Hakuna aliyemwomba. "Upele ule ni wangu," alimwambia muuguzi. "Mwili wangu ndio uliotakiwa kuota, ukuta umenibebea tu. Nitauachaje?" Akaja na mtoto mgongoni, sasa kwa kuwa ilikuwa ruksa, na kopo la mafuta. Alipaka jinsi anavyompaka Chiriku akitoka kuoga, kwa kiganja, kwa kuzungusha, akiuimbia puani. Ukuta ulishusha pumzi. Vumbi kidogo likadondoka kutoka darini, na jirani kwenye bima kikombe kilitulia juu ya sahani yake.

"Ba-ba," Chiriku aliuambia ukuta.

Siku moja alitoa kwenye mkoba ile kaptura ya majaribio, ambayo mtoto alikuwa ameshavuliwa zamani, akakikandamiza kifungo chake ukutani, mahali palipokuwa pazima. Alishikilia kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai. Alipotoa mkono kulikuwa na duara jekundu, pacha na lile la chini ya kitovu. Alilitazama sana. Hakuwa mtu wa kulia hovyo, lakini macho yalimlowa, maana tangu zahanati hadi pale ule ukuta ndio wa kwanza kumsadiki.

Alikwenda kumwita daktari. Daktari alikuja, akaliangalia, akakubali kwamba ni kali. Kisha akasema kesho wageni wa kampuni wanakuja kusherehekea cheti, na ingekuwa vizuri korido ionekane nadhifu.

Waliufunika ukuta kwa mbao nyeupe toka sakafuni hadi darini. Wageni walikunywa soda mbele ya mbao hizo, wakapiga picha, na mmoja aliyejiegemeza kidogo alikwenda nyumbani akijikuna bila kujua kwa nini. Usiku huo huo upele ulihamia upande wa pili wa ukuta, ule wa barabarani, ambako kulikuwa na hewa nzuri zaidi.

Mama Chiriku naye alihamia huko na kopo lake.

Dada wa saluni ndiye aliyekuwa wa kwanza kupita. Alivua hereni moja, akauliza kama anaweza kujaribu. "Karibu tu," alisema Mama Chiriku, "usikandamize sana, ukuta una maumivu hapo kwenye kona." Hereni ilitoa duara dogo kama kichwa cha kiberiti.

"Kumbe!" alisema dada wa saluni. "Na mimi miaka yote hii nalaumu manukato."

Jioni iliyofuata walikuja watano. Wiki iliyofuata kulikuwa na foleni inayozunguka kona. Kina mama walileta nguo za watoto, wakagandamiza vifungo, wakangoja wakipiga soga, na ukuta ukajibu kila mmoja kivyake, bila upendeleo. Fundi saa mstaafu alileta sanduku zima la mikanda. Bibi mmoja alileta miwani. Waliopata wekundu walikata vifungo pale pale, na mama mkwe wa Mama Chiriku, ambaye siku hizi alikuja kusaidia na kigoda chake, aliwagawia vifungo vya plastiki na maneno.

"Usimwambie mumeo kwamba ni ukuta umekukataza. Sema ni mimi."

Kidonda cha Chiriku kilikauka, pakabaki weupe mdogo wa kupendeza. Maduka nayo yalijaa. Kaptura zenye Namba Ishirini na Moja zilining'inia madirishani, kila moja na kadi iliyoandikwa *Rafiki wa Ngozi Changa*, na mji ulikuwa na watoto wengi zaidi kuliko waliojua habari za ukuta.

Jioni moja, foleni ikielekea ukingoni, mtu wa mwisho alikuwa daktari. Alikuwa amevua koti la kazi na kulikunja mkononi. Alipanga foleni kama watu wengine, akasalimia, akajibiwa. Zamu yake ilipofika alitoa kwenye mfuko wa karatasi kaptura ndogo sana, mpya, kadi bado inaning'inia.

"Mjukuu?" aliuliza Mama Chiriku.

"Wa kwanza. Ana wiki moja."

"Hongera, babu. Jina?"

"Bado wanagombana."

Mama Chiriku alikigandamiza kifungo ukutani, kwa uangalifu, na wakangoja, yeye, mama mkwe na daktari, pamoja na Chiriku, aliyekuwa akimsimulia daktari jambo refu. Alipotoa mkono, duara lilikuwa jekundu na limeinuka.

"Kali," alisema daktari.

"Kali," alisema Mama Chiriku.

Daktari alitoa mfukoni mkasi wa kukatia plasta, akakata kifungo, akakitazama kiganjani. "Una uzi mweupe, mama?"

Alikuwa nao. Alimtungia na sindano, maana bila taa yake kichwani daktari hakuona tundu, na mama mkwe akachagua kifungo kizuri cha plastiki chenye umbo la bata. Daktari alishona vizuri, kwa mishono midogo iliyosawazika. Alikata uzi kwa meno, akashukuru, akaikunja kaptura ndani ya mfuko wake wa karatasi, akavaa koti lake la kazi na kuingia ndani.

Dirisha lilikuwa wazi. Walimsikia akimwambia muuguzi kwamba Namba Ishirini na Mbili imefika, kesho waanze kubandika, na zile mbao zitolewe, watu wapate pa kuegemea.

Mama Chiriku alimkaza mtoto mgongoni. Kisha akafunua kopo, akachota mafuta ya kutosha, na kuanza kuupaka ukuta kabla haujaanza kuwashwa.