Slaidi za Mwalimu Aukje

Kitu cha kwanza nilichokiona ni rula. Kamera mbili za plastiki, za bei ya chini kabisa, zilikuwa zimefungwa juu yake kwa mpira, ubavu kwa ubavu kama macho. Rula niliitambua kabla ya mkono ulioishika. Ndiyo iliyokuwa ikigonga dawati langu kila neno liliponikwama, darasa zima likicheka, hadi siku moja, nikiwa na miaka kumi, niliporudi kwenye tishari la baba, chombo cha mizigo tulichoishi ndani yake, nikakataa kushuka tena kwenda shule.

"Kumbe ndipo ulipo, Jitske," alisema Mwalimu Aukje, akiegemea kaunta ya duka la picha. "Bwana Hoekema hakupata msichana anayejua kusoma wa kumuuzia duka lake?"

Nilitabasamu. Mwenye haya hutabasamu hata anapokanyagwa.

Alitaka picha za macho mawili, zile ambazo ukizitia kwenye kitazamio, mtu hujitokeza mbele yako hata ukadhani utamgusa shavu. Alitaka kumpiga picha mumewe, Sjoerd. Hospitali ya mjini Sneek ilikwisha kumrudisha nyumbani, na hakurudishwa ili apone.

"Nipe filamu za slaidi. Mbili."

Mambo hayo niliyajua kuliko nilivyojua alfabeti. Kila Jumamosi nilimsikia Bwana Hoekema akiwafundisha wanaoanza. Nikasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, kamera hizi hazina cha kurekebisha. Tundu moja, kasi moja. Kazi yote inafanywa na filamu. Chukua ya picha za karatasi, ya mia nne, inayoona hata kwenye mwanga mdogo. Hiyo inasamehe. Slaidi haisamehe, na hii ya mia inataka jua."

"Inasamehe! Filamu imekuwa mchungaji?" Akawageukia wateja wawili waliokuwa nyuma yake. "Mmesikia? Mtoto wa tishari ananifundisha mimi! Haya, profesa, hebu tusomee maandishi ya kwenye pakiti. Kwa sauti."

Herufi zikaanza kuogelea. Mteja mmoja akatazama viatu vyake. Wa pili akajikohoza kuficha kicheko.

Nikampa slaidi mbili. Nilihakikisha namba za toleo zinalingana, ili jicho la kushoto lisione rangi tofauti na la kulia. Katika hilo nilikuwa mwaminifu.

Alirudi siku ya tisa, amevaa koti jeusi. Sjoerd alikuwa amezikwa juzi yake.

"Nilimpiga picha kitandani," alisema bila kuniangalia. "Mapazia tulifunga, mwanga ulikuwa unamuumiza. Jitske, zitatoka, eti?"

Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka jina langu bila kulitia pilipili.

"Tutaona, Mwalimu," nikasema, nikaandika jina lake juu ya bahasha ya kupelekea filamu zake maabara, polepole, herufi kwa herufi.

Slaidi zilirudi nyeusi. Alizitia kwenye kitazamio palepale kaunta, jozi baada ya jozi, akikielekeza dirishani, mdomo wazi. Katika jozi moja tu palikuwa na ukingo wa mto wa kulalia, na kitu ambacho labda kilikuwa sikio. Lilisimama peke yake gizani, mbele kidogo ya mto, kama linasikiliza.

Bwana Hoekema alinigeukia. "Jitske! Hukumwonya?"

"Alinionya," Mwalimu akasema. "Mbele za watu. Mimi ndiye niliyemcheka." Akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vikavu, vyepesi. "Nisamehe, mwanangu."

Nikatabasamu.

Sasa naandika, kwa kuwa kuandika hakuna sauti. Mwalimu, filamu iliyopigwa gizani yaweza kuokolewa. Maabara huiacha kwenye dawa kwa muda zaidi, mradi iambiwe mapema. Kwenye bahasha kuna kisanduku kidogo cha kutia alama, wala hakihitaji mtu aliyemaliza shule. Uliponitajia mapazia, nilikijua kisanduku hicho kilipo. Kalamu yangu ilikwisha kugusa karatasi.

Nikaiinua, kisanduku kikiwa bado kitupu.