Sifa Saba za Mdogo Wangu

Mdogo wangu alirudi kutoka kwenye semina ya siku tatu akiwa na cheti chenye muhuri wa dhahabu, begi la kitambaa na sifa saba za kiongozi wa biashara katika nyakati za mabadiliko. Cheti alikipigilia msumari juu ya mlango wa ofisi. Sifa saba alizibandika ukutani huko kwenye mashine, chini ya saa, ili washonaji wazisome kila wakiinua vichwa. Washonaji wetu ni wanawake kumi na moja, na wakiinua vichwa huwa wanatafuta saa.

Na hiyo ofisi isikutie kiwewe. Ilikuwa stoo ya vifungo na zipu. Alitoa makasha, akaingiza kiti cha kuzunguka, akajiita Mkurugenzi. Kiti chenyewe ukikizungusha kulia unagonga ukuta, ukikizungusha kushoto unagonga kabati. Kwa hiyo alikaa humo akitazama mbele tu, na wanawake wakampa jina la Bwana Maono.

Niseme mapema nisije nikaonekana mnafiki: nilikuwa namdharau, na dharau hiyo haikuanza na semina. Mimi ni mkataji. Tangu nina miaka kumi na tisa nimesimama kwenye meza ya baba, chaki sikioni, mkasi mkononi, nikikata sare za shule. Mdogo wangu wakati huo alikuwa akiuza simu, kisha akauza bima, kisha akauza maneno matupu, maana hayahitaji stoo. Baba alipofariki, wajomba walikaa sebuleni, wakanywa chai, wakasema kiwanda kinataka mwanamume. Mama, ambaye jengo lile ni lake kwa hati, hakubishana nao. Alisubiri waage, akatuita sisi wawili jikoni.

"Mwaka mmoja," alimwambia mdogo wangu. "Shule ya wasichana ndiyo inayotuweka mjini. Ukiipoteza ile shule, funguo nampa dada yako, na wajomba zako waje tena wanywe chai."

Hapo ndipo jambo lote lilipolala. Shule nyingine zilikuwa zimeshatukimbia, zinaagiza sare zilizoshonwa tayari, zimefungwa kwenye nailoni kama mikate. Ilibaki hiyo moja, yenye wasichana mia sita. Wao wakibaki kwetu, mdogo wangu anabaki na funguo. Wakiondoka, funguo ni zangu, na mimi nilijua moyoni kwamba nikizipata naweza kwenda kumwomba mwalimu mkuu awarudishe. Nilizitaka funguo zile. Nilizitaka kuliko nilivyowahi kumtaka mume wangu, Mungu amrehemu, na yeye alijua hivyo.

Basi nikawa natazama sinema. Sifa ya kwanza ilikuwa wepesi wa kubadilika. Jumatatu mashine zilipangwa kwa mistari, kama siku zote. Jumatano alizipanga kwa duara, ati mawazo yazunguke. Kilichozunguka ni nyaya. Mama wa pasi alijikwaa akaanguka na pasi ikiwa ya moto, akanusurika kwa kuwa aliangukia rundo la sketi. Ijumaa mashine zikarudi kwenye mistari, na mdogo wangu akatutangazia kwa uso mkavu kwamba tumeona wenyewe jinsi kiongozi asivyong'ang'ania msimamo.

Sifa nyingine ilikuwa kusikiliza. Akaanzisha kikao cha asubuhi. "Semeni, msiogope, mimi ni mmoja wenu," alisema, mikono ameifumbata kifuani kama alivyofundishwa. Mama wa pasi akasema taa ya upande wake inapepesa, macho yanamuuma. Mdogo wangu akatikisa kichwa, akasubiri kidogo, akasema, "Nimekusikia." Akaandika kwenye daftari. Taa iliendelea kupepesa. Kikao kilichofuata mama yule akalisema tena, naye akatikisa kichwa vilevile, akasubiri kwa muda uleule, akasema, "Nimekusikia." Wanawake walivunjika mbavu kwa kicheko baada ya yeye kuingia stoo. Ni mmoja tu ambaye hakucheka, wifi yangu, mke wake, anayeshona kola karibu na dirisha. Yeye aliinama tu akaendelea kukanyaga mashine. Ni mtu mwema, na sijui alifanya kosa gani hata akapewa mume huyo.

Nilipaswa kumuonea huruma mdogo wangu. Watu wengine wangemuonea. Alikuwa anakonda, alikuwa anakariri zile sifa asubuhi akinyoa ndevu, wifi aliniambia. Lakini mimi kila nikimtazama nilimwona mtu aliyeingia jikoni kwa watu, akavaa aproni, akaanza kuwafundisha kula.

Msimu wa kupima ukafika. Hapa lazima nieleze kazi yetu kidogo. Vipimo vya wasichana mia sita tunavichukua shuleni, na baba alikuwa na utaratibu wake ambao hatukuwahi kuuvunja. Msichana anaingia peke yake nyuma ya pazia. Anapimwa na mwanamke. Namba haitamkwi. Huiambii midomo yako, humwambii mwenzako akuandikie, unaandika mwenyewe, na kwenye daftari hakuna jina, kuna darasa na namba ya mwanafunzi. Baba alisema msichana wa miaka kumi na nne akisikia kiuno chake kikitajwa mbele ya watu hakisahau mpaka anazeeka. Hakuwahi kwenda semina.

Mwaka huo niliwapima mwenyewe, siku tatu. Binti ya mdogo wangu anasoma palepale, na ni mnene, kama alivyokuwa bibi yake mzaa baba, yaani mama yetu. Alipoingia nyuma ya pazia alivuta tumbo ndani, akaziba pumzi.

"Pumua, mwanangu," nilimwambia. "Ukivuta tumbo leo, sketi itakubana mwaka mzima."

Akacheka, akapumua. Kwenye kiuno nikaandika inchi arobaini na moja, nikafunga daftari.

Daftari nikampa Mkurugenzi, maana alikuwa amenunua kompyuta na alitaka kila kitu kiingie humo. Mwaka uliopita sketi kumi na moja zilikuwa na makosa, na hilo lilikuwa linamkosesha usingizi, kwa sababu ya mama na ule mwaka wake mmoja. Baada ya siku mbili alitoka stoo na rundo la karatasi, uso unang'aa kwa furaha.

"Dada, sifa ya tano," alisema. "Uwazi. Kila mwanafunzi aone vipimo vyake kabla hatujakata. Pakiwa na kosa, aseme. Nazibandika kesho pale shuleni, mlangoni pa bwalo la chakula. Hakuna sketi hata moja itakayorudi."

Akaniwekea karatasi mezani. Alikuwa ameomba orodha ya majina kwa karani wa shule, akayaunganisha na namba zangu. Jina kamili, kifua, kiuno, nyonga. Na kwa kuwa mkataji anapenda kuanza na saizi kubwa, alikuwa ameiamuru kompyuta ipange kwa kiuno, kuanzia kikubwa kushuka chini. Hilo alilifanya kwa ajili yangu, anirahisishie kazi.

Jina la kwanza, juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, lilikuwa la binti yake.

Hakuliona. Naapa hakuliona. Alikuwa anatazama rangi. "Umeona hii kijani juu? Na nembo yetu pale pembeni? Niambie kweli, dada, haipendezi?"

Niliisoma karatasi mpaka chini. Nilijua kila kitakachotokea, kama mtu anayeona mtoto amepanda juu ya kiti kibovu. Neno moja lilitosha. Ningesema, "Soma jina la kwanza," basi, angeichana mwenyewe, na shule ingebaki, na funguo zingebaki kwenye mfuko wake wa suruali, zikilia kila anapotembea.

"Inapendeza," nilisema.

"Kingo tu ndizo hazijakaa sawa, mashine imezichapa upande. Hebu ninyooshee, wewe ndiye mwenye mkono."

Nikachukua rula na kisu, nikazinyoosha kingo. Kurasa kumi na tano. Nilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza bado binti yake alipoingia, ametoka shule, amekuja kumsubiri mama yake kama kawaida yake. Akaja mezani kwangu kunisalimia.

"Shikamoo shangazi. Unakata nini leo, karatasi?"

"Marahaba. Kazi za baba yako," nikasema, na mkono wangu ukaigeuza karatasi, maandishi yakalala chini. Akaenda kukaa karibu na mama yake.

Kesho yake mchana karatasi zilibandikwa. Karani alidhani ni ratiba ya kugawa sare, hakujisumbua kusoma. Zilikaa ukutani kwa muda wa chakula cha mchana tu, dakika arobaini, kisha mwalimu wa zamu akazichana zote. Lakini wasichana mia sita hawahitaji dakika arobaini. Kuna waliolia chooni, kuna waliopigana. Binti ya mdogo wangu hakulia wala hakupigana. Aliitwa Arobaini na Moja kuanzia mlangoni pa bwalo mpaka darasani, na alipofika nyumbani alikuwa amefunga sweta kiunoni, na hakulivua wakati wa kula, kwa sababu hakula.

Mdogo wangu alipoelewa alichofanya, alikuja kusimama mbele ya meza yangu. Nilisubiri aseme kitu cha semina. "Ni mwanangu, dada," alisema. "Nimemwandika mwanangu juu kabisa." Nikamwambia ndiyo, umemwandika. Uso wake ulivyomshuka, ningependa kusema nilisikia uchungu. Nilisikia kama mtu aliyevua viatu vilivyombana.

Barua ya shule ilifika siku ya pili: oda imesimamishwa. Mama aliisoma mara mbili, akanyoosha mkono, na mdogo wangu akazitoa funguo mfukoni bila kuambiwa. Mama akanipa mimi. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuzing'oa sifa saba ukutani. Ya pili ilikuwa kuvaa gauni langu la kitenge cha bluu na kwenda kumwona mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu ni mwanamke mkavu, hakupoteza muda kwa salamu ndefu. Binti ya mdogo wangu alikuwa ameketi kwenye kiti cha pembeni, sweta kiunoni. Aliitwa ili niombe radhi mbele yake, na niliomba, kwa maneno mazuri niliyoyapanga njiani.

"Baba yenu nilimheshimu," mwalimu mkuu alisema. "Nataka kujua jambo moja. Nani kule kwenu aliziona karatasi hizi kabla hazijaletwa? Kama ni ndugu yako peke yake, mmeshamwondoa, tutaendelea. Kama kuna aliyeziona akanyamaza, mtu huyo simtaki karibu na wasichana wangu."

"Ni yeye peke yake," nilisema. Haikunichukua hata nusu dakika.

Akamgeukia mtoto. "Wewe hushinda kule kila siku baada ya masomo. Ni kweli?"

Alinitazama. Ana macho ya baba yake, makubwa, nami siku zote nilikuwa nayaita macho ya mjinga. Aliponiangalia nilijua ameshaielewa ile karatasi, na mkono wangu ulioigeuza.

"Ni kweli, mwalimu," alisema. "Shangazi hakuziona."

Oda ikasainiwa. Nilimfuata nje kwenye baraza refu la madarasa, nikamshika bega. "Mwanangu..."

Alilitoa bega taratibu, bila hasira. "Sijasema kwa ajili yako, shangazi. Mama anashona pale." Akakaza mikono ya sweta kiunoni, akaenda darasani. Mlango ulipofunguliwa nilisikia mtu ndani akiita ile namba, na wengine wakicheka.

Nilirudi kiwandani kwa miguu. Mashine zote zilinyamaza nilipoingia. Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda pale mlangoni pa stoo, anapanga upya makasha ya vifungo, kwa rangi, vizuri tu. Wifi ndiye aliyeuliza.

"Tumeipata?"

"Tumeipata."

Wanawake walishangilia, mama wa pasi akapiga meza kwa viganja. Wifi aliinuka dirishani, akaja akanikumbatia kwa nguvu, machozi yake yananilowesha shingo.

"Wifi, wewe ndiye ulipaswa kuongoza tangu mwanzo," alisema. "Laiti ungeziona wewe zile karatasi, mwanangu yasingempata haya."

Nilimpapasa mgongo. Kisha nikamwambia arudi kwenye mashine, kola ni mia sita na muda ni mfupi.