Moto Mpya, Udongo wa Zamani

Siku ndugu yangu Kenga alipofariki, nilikuwa nakandika tanuri. Tanuri la makaa huku Ganze halitaki usingizi: kuni zimefunikwa kwa majani na udongo, moto umo ndani, nawe unazunguka ukitafuta nyufa. Simu ililia nikiwa na matope viganjani. Nilipoipokea, mwanamume aliniuliza kwanza kama nimekaa.

Kenga alikuwa fundi wa silaha jeshini. Walimpa risasi za aina mpya, zenye baruti kali ya kuzipeleka mbali zaidi, azijaribu katika bunduki zile zile za zamani. Alipokuja likizo mara ya mwisho alisimama kando ya tanuri langu, akacheka bila furaha.

"Dada, wakubwa wetu wamezidisha moto, udongo hawajauongeza."

"Si uwaambie?"

"Nimewaandikia mara tatu. Maganda ya risasi yanatoka yamevimba, mengine yana ufa. Wananijibu, Fundi, wewe unaogopa kelele."

Wiki mbili baadaye bunduki ilimpasukia usoni.

Siku ya tatu ya matanga alikuja Meja Thuku, kofia kwapani. Alimwamkia mjomba Kalume shikamoo kwa adabu, akatupa pole, kisha akatoa karatasi. Risasi, alisema, ziliachwa juani, na joto huzidisha nguvu ya baruti. Fundi alipaswa kulijua hilo. Familia ikitia sahihi kwamba ulikuwa uzembe wa marehemu, faili litafungwa.

"Tia, mwanangu," mjomba akaninong'oneza. "Serikali haishindwi kwa ubishi."

Siku tatu nilikuwa sijasema neno. Hasira ilinipanda, nikamgeukia Meja.

"Juani? Sasa hizo risasi zenu, Meja, mtapigana nazo wapi? Ndani ya friji?"

Wanawake mkekani waliangua kicheko, kisha wakajifunika midomo kwa leso, maana tulikuwa msibani.

"Mama, tafadhali."

"Nimechoma makaa miaka kumi na saba. Tanuri likipasuka silaumu jua. Namuuliza aliyekoleza moto. Barua zake tatu ziko wapi?"

"Sijaona barua yoyote."

"Basi mimi nimeziona."

Kenga alikuwa mtu wa kunakili. Kila barua aliirudia kwa mkono katika daftari la shule, tarehe juu, na siku ile daftari hilo, aliloniachia likizoni, lilikuwa chini ya mkeka niliokalia. Meja alinitazama, akautazama mkeka. Nilijikita nikazidi kuwa mzito. Hawatamzika ndugu yangu mara mbili, mara ya pili chini ya neno uzembe.

Aliinamisha kichwa. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya mtu, si ya kofia.

"Hata nikiziona, mama, uamuzi wa kuzipokea risasi hizo umeshapita. Hauko mikononi mwangu."

"Na ndugu yangu alikuwa mikononi mwa nani?"

Aliiacha karatasi juu ya kiti akaondoka.

Tulipomaliza matanga nilirudi kwenye tanuri nililoliacha siku ya simu. Lilikuwa limepasuka ubavu, na ndani hamkuwa na makaa, majivu matupu. Mjomba Kalume hanisemeshi. Karatasi haina sahihi. Nasikia Jumatatu kikosi cha pili kinagawiwa risasi zile zile.