Kigari cha Mpini wa Mninga

"Hicho hapana," Herieth alisema. "Na hicho hapana. Magurudumu yake ni ya kutembelea kwenye vigae, siyo kwenye mchanga wa kwetu."

Didas, muuza vigari vya watoto pale Tandika, hakukata tamaa. Ndani ya duka lake vigari vya mitumba vilikuwa vimening'inizwa darini kama popo, na kila alichokishusha alikifuta vumbi kwa kipande cha kanga huku akikipigia debe.

"Sista, hiki ni cha kisasa. Hiki kiti kinachomoka, unakifunga ndani ya gari, mtoto wala haamki. Ukifika unakirudisha juu ya magurudumu, safari inaendelea."

"Ndani ya gari lipi, kaka yangu? Sie tunapandaga bajaji."

"Na kwenye bajaji kinaingia!"

Herieth akacheka. Akainama kwa shida, maana tumbo lilikuwa limeshamnyima kuona miguu yake, akajaribu breki, akabonyeza godoro. Yeye ni fundi cherehani na alijua anachokitaka: kigari kipana, cha kukaa pembeni ya cherehani yake barazani, mtoto alale humo yeye akishona, mguu mmoja kwenye pedali na mwingine ukibembeleza gurudumu. Kimoja cha kijivu kilimkaa rohoni. Alikisukuma kwenye mchanga mbele ya duka na hakikuzama. Akamgeukia mumewe.

Albano alikuwa amesimama nje juani kama mtu anayemsubiri mwenzake atoke chooni.

"Si uje ukione?"

"Nakiona."

"Basi tuchukue hiki."

Albano akajikuna shingo. "Tungoje ujifungue kwanza, Herieth. Mama kasema..."

Hapo kicheko kikamwisha Herieth. Mama kasema! Katika nyumba ile ya Keko maneno hayo mawili yalikuwa yameshakula kila kitu, na sasa yalitaka kula na hiki.

Mwaka juzi, katika mimba yake ya kwanza, walinunua kigari cha bluu kilichovunjika mpini. Albano ni seremala, akachonga mpini mpya wa mninga, wenye mgongo wa kukaa vizuri kiganjani. Nusu yake aliipiga msasa ikawa laini kama shavu. Nusu ya pili hakuifikia. Uchungu ulimshika mkewe kabla ya wakati, na mtoto wao wa kiume akatoka bila kulia, amekwisha kufa. Wanaume wakaenda kumzika, mama yake akiwa bado hawezi hata kukaa kitandani.

Msibani, wanawake wakiwa wamejaa mkekani, mama mkwe wake, Margareta, alisema maneno yake mbele ya wote. "Niliwakataza. Kwetu Masasi kitanda hakimtangulii mtoto. Kigari kimekuja kitupu, kimedai cha kukijaza, na kimemchukua." Wanawake wakaguna. Hakuna aliyemwambia nyamaza, mzazi anakusikia. Kesho yake kigari hakikuwepo uani. Mama mkwe akasema kimechomwa moto jalalani ili nuksi ikome.

Herieth hakubisha. Angebishaje, na yeye ndiye aliyekuwa na pupa ya kununua? Kila alipompimia mteja gauni, mtoto wa mteja akitambaa sakafuni, swali lilimrudia: ningesubiri, si na wangu angekuwa anatambaa? Hakumwambia mtu. Alimeza, akashona, akameza tena. Mimba ya pili ilipokua ndipo alipoamua kwamba safari hii atanunua mapema, tumbo likiwa mbele, mumewe akiwa pembeni. Alitaka amsikie akisema kwa kinywa chake kwamba si yeye aliyemuua mtoto wao. Hilo tu.

"Kama kigari kinaua, sema," alimwambia pale pale, Didas akijifanya ana kazi kubwa ya kufuta gurudumu. "Sema mie ndiye niliyemuua mwanetu."

"Sijasema hivyo."

"Basi tukichukue."

"Tungoje tu, Herieth. Hakiendi popote."

Herieth alitoka dukani bila kuaga.

Hasira ilipopoa kidogo akafanya kosa la watu wema: akaenda kuomba msaada kwa wale wale waliomchinja. Wifi yake Demetria alikuwa amejifungua mtoto wa kike, Blessing, huko Kipawa, na mama mkwe alikuwa amehamia kwake kumsaidia uzazi. Mara zote Herieth alipotaka kwenda kumwona mtoto, Albano alimletea jibu lile lile: pumzika, jua kali, usihangaike. Alidhani wanamwonea huruma. Safari hii hakuuliza mtu. Alifunga vikofia na vishuka alivyomshonea mtoto, akaenda. Mawazo yake yalikuwa kwamba mzazi humwelewa mzazi. Demetria angemsemea kwa mama.

Uani kwa Demetria palikuwa kimya. Chini ya kivuli cha ukuta kigari kimeegeshwa, chandarua juu, na pembeni kimevikwa kitambaa cha kitenge kilichoshonwa na mtu asiyejua kushona. Mishono imepinda, uzi unaning'inia. Blessing alikuwa amelala humo ngumi zimekunjwa. Akaanza kunung'unika, na Herieth, kama mwanamke yeyote angefanya, akashika mpini ambembeleze.

Kiganja kilijua kabla ya kichwa. Ule mgongo. Ule uzito wa mninga.

Akainua kitenge. Chini yake palikuwa na bluu.

Alisimama hapo akihema. Kisha akafanya jambo ambalo baadaye alitamani asingelifanya: akatelezesha mkono polepole kuelekea kushoto, upande ambao haukupigwa msasa, upande uliowahi kumchoma kibanzi kidoleni akacheka na Albano akakitoa kwa meno. Mkono uliteleza hadi mwisho bila kukwama. Palikuwa laini. Palikuwa pamepakwa hata mafuta. Kuna mtu alikuwa ameimaliza ile kazi.

"Wifi?" Demetria alitokea mlangoni na beseni la nepi, akabaki nalo mikononi. Nyuma yake akatoka mama mkwe, kitambaa kichwani, anajifuta mikono.

"Shikamoo mama," Herieth alisema. Ilimtoka yenyewe. Adabu nyingine ni kama kikohozi, huizuii.

"Marahaba. Mbona umekuja bila taarifa?"

"Nimekuja kumwona mtoto. Nimemkuta amelala kwenye majivu."

Demetria alimtazama mama yake. Mama yake alitazama pembeni, kisha akapandisha mabega.

"Usianze, Herieth. Kiliombewa. Padri alikinyunyizia maji ya baraka."

"Lini? Kabla ya kuniambia kimechomwa, au baada?"

"Kitu kizima kile kingetupwa? Na kila mtoto na nyota yake. Huyu alizaliwa kwanza, ndipo akawekwa humo."

"Mama, ulikaa mkekani ukawaambia watu hiki kitu kimemla mwanangu." Sauti ya Herieth ilikuwa imeanza kupanda na hakuizuia. Majirani na wasikie, kwani kwenye msiba walisikia wengine. "Mimi damu inanitoka, maziwa yananijaa hayana wa kuyanyonya, wewe unasema kimemchukua. Ungekuwa unaamini maneno yako, ungemlaza mjukuu wako humu?"

Mama mkwe aliendelea kujifuta mikono iliyokwisha kukauka. Na hapo Herieth aliona wazi jambo ambalo hakuwahi kulifikiria: mwanamke huyu hakuamini hata siku moja. Alihitaji wa kumtwika kifo kile, basi, na mkwe alikuwa karibu. Kigari kilikuwa kizuri, basi, na binti yake angekihitaji. Yeye Herieth ndiye aliyeamini, peke yake, kama mjinga, mwaka mzima na zaidi.

"Nani aliumalizia mpini?" akauliza.

"Mpini gani?" mama mkwe akadakia.

"Namuuliza wifi."

Demetria aliweka beseni chini. Uongo ulikuwa wa mama yake, yeye hakuuzoea. "Kaka," akasema. "Alikuja kabla sijajifungua. Nilimwambia kinanichoma mkono."

Blessing akaamka akaanza kulia. Mama mkwe akaruka mbele na kujitanda juu ya kigari kwa mikono miwili, kana kwamba kuna mtu aliyetaka kukipora.

"Sikichukui," Herieth alisema. "Mtoto hana kosa, siwezi kumnyang'anya kitanda kama mlivyoninyang'anya mie." Akaweka fungu la vikofia juu ya beseni la nepi, akatoka.

Njia nzima hakulia. Kulia ni kwa mtu aliyefiwa, na yeye siku hiyo alikuwa ameibiwa.

Pale Keko, kando ya barabara, mafundi walikuwa wamezungukwa na vitanda visivyo na rangi na sofa zisizo na ngozi. "Shemeji, karibu! Mzigo huo lini?" mmoja akatania. Herieth akampita. Albano alikuwa amepiga goti mbele ya mguu wa meza, msasa mkononi.

"Mpini umetoka vizuri," Herieth alimwambia.

"Mpini gani?"

"Huo huo alioniuliza na mama yako. Nimetoka Kipawa. Nimeushika mwanzo mpaka mwisho, Albano. Kweli wewe ni fundi."

Msasa ukaanguka kwenye vumbi la mbao. Nyundo ya jirani ikanyamaza, na ya jirani wa jirani.

"Nilikuta kiko kwake," Albano alisema kwa sauti ya chini. "Sikujua kabla. Wallahi tena, nami niliambiwa kimechomwa. Mama akaniambia nisikwambie, utaumia."

"Na kujiona muuaji hakukuniuma? Juzi nimekuuliza mbele ya watu, sema mie ndiye niliyemuua. Ulikuwa unajua. Ulijua mama yako kadanganya, umeshika kile kigari kwa mikono yako, umekipiga msasa, umekipaka mafuta, ukarudi nyumbani ukala ugali wangu, ukanitazama usoni ukaniambia tungoje!"

"Niliogopa."

"Ulimwogopa nani?"

Albano akainama kuokota msasa.

"Ulimwogopa mama yako. Mie hukuniogopa. Mie nikiumia nanyamaza, nashona. Basi, Albano, anza kuniogopa leo. Vaa shati."

Alivaa. Mafundi walitazama mbao zao kwa bidii ambayo mteja yeyote angefurahi kuiona.

Kigari cha kijivu kilikuwa bado kipo kwa Didas. Albano alilipa bila kupatana bei, jambo ambalo Tandika ni kituko, na Didas kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na la kusifia. Dereva wa bajaji aliyewarudisha alitaka kuingia mtaani awashushe mlangoni. Herieth akamkatalia. Akamwambia asimame pale barabarani, watu wanapoanzia.

"Utakisukuma wewe," alimwambia mumewe. "Hivyo hivyo kitupu. Mpaka mlangoni kwetu."

Ilikuwa ile saa ya jioni watu wote wako nje. Albano alisukuma akiwa ameinamisha kichwa, mkewe nyuma yake, tumbo mbele kama ngoma. Wauza mihogo waligeuka. Watoto walifuata. Pale kwenye bomba la maji wanawake waliacha ndoo zikafurika, na Chausiku, ambaye alikuwepo mkekani siku ile na kuguna kwake kulikuwa kwa juu kuliko wote, akajishika kifua.

"Jamani Albano! Kigari kitupu tena? Si mwiko kwenu?"

Herieth alimtazama mumewe kisogoni, akasubiri.

"Muulize mama yangu," Albano alisema.

"Hatujasikia," Herieth akasema.

Albano alisimama. Alinyanyua uso, na wote wakaona machozi yamechora mistari kwenye vumbi la mbao.

"Muulize mama yangu!" alisema, safari hii kwa sauti iliyofika mpaka kwa wauza mihogo. "Kile cha kwanza hakikuchomwa. Kipo Kipawa, analala humo mtoto wa Demetria, mzima wa afya. Hakikumuua mwanangu. Mke wangu hakumuua mwanangu. Mama alisema uongo, na mie nikaujua nikanyamaza."

Maji yalikuwa yanamwagika na hakuna aliyeyafunga. Chausiku aliteremsha mikono. Alitaka kusema pole, ilionekana kabisa mdomoni, ila ilikuwa imechelewa mno na alijua.

Albano akamgeukia mkewe, mikono imelegea juu ya mpini wa plastiki, kama mtu aliyemaliza kazi na sasa anangoja aambiwe ahsante. Nyumba yao ilikuwa bado mbali, na katikati palijaa watu ambao hawakuwa wamesikia.

"Sukuma," Herieth alisema.