Ukoko wa Sufuria ya Mpemba

Ferista alikuwa ameshavuka kijito cha mwisho cha Mpemba, sufuria kichwani, shemeji yake Osea nyuma, na tangu watoke nyumbani hawakuwa wamesemeshana. Sufuria yenyewe ilikuwa nyepesi, aluminiamu mpya ambayo mumewe Kasiani aliituma kutoka migodi ya shaba ya Rodesia. Kizito kilikuwa ule ukoko mweusi uliogandamana ndani yake, na maneno ya mama mkwe yaliyousindikiza.

"Mpelekee mama yako. Aione hivyo hivyo. Usiioshe."

Kwa watu wale, chombo kilichoungua kikirudishwa ukweni bila kuoshwa, hakihitaji mtu wa kukisemea. Maana yake binti yenu hajafundwa. Mama mzazi atakisugua kwa mikono yake mpaka king'ae, atakijaza unga, atakirudisha kwa magoti, na shauri litakwisha. Litakwisha kwa waliokipeleka, si kwa aliyekisugua.

Na mama yake Ferista hakuwa mama wa hivi hivi. Alikuwa Marita, ambaye wazazi wa upande wote ule wa Itaka walimpelekea mabinti zao kabla ya ndoa awafunde kukaa na mume, na wakwe, na moto. Nani angempelekea binti tena, ikijulikana kwamba wa kwake mwenyewe amerudishwa na sufuria ya ukoko? Hilo ndilo lililomchoma Ferista njia nzima. Yeye angeitwa mvivu akavumilia. Lakini mama yake alikuwa amefanya nini?

Maana hakuiunguza yeye. Siku ile aliamkia shambani kupalilia, na aliporudi jua likiwa juu alikuta moshi, na mama mkwe wake Elizabeti amesimama mlangoni na Fides, mke wa mzee wa kanisa, ambaye alikuwa ameziba pua kwa ncha ya kitenge. Fides alikuja na habari njema, kwamba akina mama wa usharika wanataka Elizabeti awe kiongozi wao.

"Unaona mama Fides," Elizabeti alikuwa anasema, "mkamwana wangu amebandika uji wa mahindi, akauacha motoni, akajiendea zake shamba. Hivyo ndivyo walivyomfunda huko Itaka."

Ferista alifungua kinywa. Elizabeti hakumpa nafasi hata ya kupumua. Na Ferista alipoichukua sufuria aipeleke kijitoni akaikwangue, mama mkwe aliipokonya, akaifunika, akaifunga kifuniko kwa kamba ya gome la mti, kaza, kaza, kama mtu anayefunga kuku wa kuuza.

Kwenye kivuko kilichofuata walikuta wanawake wanafua.

"Dada, mbona sufuria imefungwa kamba, itatoroka?" mmoja akauliza.

Osea akamjibu kabla yake. "Inarudi shule. Mwalimu wake yuko Itaka."

Wakacheka, kisha mmoja mtu mzima akaacha kucheka. "Mchanga huu hapa, binti yangu. Shuka uisugue, mambo yaishe."

"Haioshwi," alisema Osea.

"Sikukuuliza wewe."

Ferista hakushuka. Kama angeisugua pale, wangesema ameficha kosa lake. Kama asingeisugua, kosa lilikuwa lake vilevile. Waliomfunga kamba hiyo walijua kufunga.

"Shemeji," alisema walipopanda kilima, "uliniona mimi nikibandika uji?"

"Mimi mambo ya jikoni siyajui."

"Ya kula unayajua."

Osea akapiga mluzi. Usiku walilala kwa ndugu wa Kasiani njiani, na hata huko Osea aliiweka sufuria karibu na kichwa chake, akaulizwa kama ndani mna nyama.

Siku ya pili walifika. Marita alikuwa anapukuchua mahindi uani. Aliiona kamba ya gome kwa mbali, akaelewa, mikono ikasimama juu ya ungo. Osea hakusogea karibu. Kwa heshima ya ukwe alikaa kando ya ghala, amegeuza uso, akaagiza salamu zake kupitia kwa Ferista kama desturi inavyotaka. Marita aliirudisha salamu kwa njia ile ile. Kisha akainuka bila kuuliza kitu, akaenda kuchota majivu.

"Mama, usiiguse. Sikuiunguza mimi."

"Najua."

"Unajuaje?"

"Nilikufunda mimi. Ila kujua kwangu hakusafishi sufuria." Akapiga goti. "Lete maji. Nitaisugua, nitaweka unga, utarudi kwako, utakaa na mumeo kwa amani."

"Nikae kwa amani na mtu aliyenisingizia mbele ya watu?"

"Wengi tumekaa."

"Basi mmekaa vibaya," alisema Ferista, na sauti yake ikapanda mpaka Osea akageuka. "Mama, umepiga goti. Kwa uchafu usio wako umepiga goti. Ondoka hapo. Kama ni lazima isuguliwe, nitasugua mimi."

Marita akaondoka pale, akakaa kwenye kigoda. "Haya. Usitie chuma, hii ni laini, itakwaruzika. Usishindane nayo. Iloweshe kwanza."

Ferista akakata kamba. Akatia maji na majivu, akaibandika juu ya moto mdogo, ichemke polepole. Ukoko ulipoanza kulainika, harufu ikapanda. Ilikuwa ya moshi kwanza, halafu chini ya moshi ikaja nyingine, chachu, ya kupanda puani. Marita aliinua kichwa.

Wakaiepua. Ferista akachukua kigae cha kibuyu, akapitisha taratibu kando ya ukuta wa sufuria, na ukoko ukabanduka pande zima kama gome la mti mkavu. Marita akalipokea lile pande kiganjani, akalivunja. Katikati palikuwa hapajaungua sana. Akatoa punje kwa ukucha, akampa binti yake.

"Nini hii?"

"Ulezi."

"Itazame vizuri."

Ferista akaitazama. Punje ilikuwa na kijimzizi. Akachukua nyingine, nayo ilikuwa nacho. "Umeoteshwa," alisema. "Ni kimea."

"Na wao walisema umepika nini?"

"Uji wa mahindi."

Hapo Marita akafanya jambo ambalo hakuwahi kumruhusu msichana yeyote kulifanya. Alisimama, akamsemesha mkwe ana kwa ana.

"Baba Osea. Kwenu Mpemba uji wa mahindi mnautia kimea?"

Osea aliangalia vidole vya miguu yake. "Labda ilikuwa togwa, mama."

"Togwa anakunywa hata mchungaji. Ingekuwa togwa, mama yako angesema togwa, na huyo mke wa mzee angekaribishwa kikombe. Imechacha hii. Hii ni pombe iliyokuwa inapikwa."

Kanisa lao halikuwa na mchezo na pombe. Mpishi na mnywaji wote walitengwa, hawakusogea mezani pa Bwana, sembuse kuongoza akina mama.

Osea akainuka pale kando ya ghala. "Mimi nilimwambia," alisema. "Nilimwambia apikie kwenye chungu, chungu kinavumilia. Akasema chungu kinanywa harufu, watu wataijua pombe hata mwezi ujao, na sufuria ukiiosha imekwisha. Akasukumia magogo kama alivyozoea, akaenda kuchanja kuni. Sasa hii ni nyembamba, mama. Kidogo tu, imeshika. Na mama Fides huyo anabisha hodi."

"Ulijua," alisema Ferista. Hakupaza sauti safari hii. "Umenitembeza siku mbili, ukanichekesha kwa watu kivukoni, na ulijua."

"Ni mama yangu, shemeji."

"Na huyu ni mama wa nani?"

Osea akageuza tena uso kuelekea ghala.

Ferista akataka sufuria irudi na ukoko wake wote, iwekwe mlangoni pa kanisa. Marita akakataa. Lakini magoti hakupiga tena. Aliagiza majani ya msasa, yale makali kama ulimi wa ng'ombe, wakayatwanga na majivu, na kwa zamu wakasugua nusu ya sufuria, kutoka ukingoni mpaka katikati ya kitako, hadi upande ule ukaonyesha uso wa mtu. Nusu ya pili hawakuigusa. Punje zenye mizizi zilibaki zimeng'ang'ania humo, wazi kwa yeyote mwenye macho. Hawakutia unga. Marita akafunika, akaifunga.

"Mwambie mama yako," alimwambia Osea, "upande wetu tumesafisha. Upande wake ausugue mwenyewe. Na binti yangu atarudi siku atakapofuatwa na aliyemwoa."

Osea akaibeba, akaenda.

Elizabeti alifungua sufuria nyuma ya nyumba, peke yake, akasugua. Uongozi wa akina mama aliukataa, akasema miguu inamsumbua, wakamchagua Fides. Hakutengwa, kwa kuwa hakuna aliyesema. Kasiani alirudi kutoka migodini baada ya mavuno, akaenda Itaka kumfuata mkewe, akaambiwa sharti, Ferista awe na jiko lake mwenyewe, akalijenga. Osea alikwenda migodini mwaka uliofuata, akaoa huko, hakurudi. Marita aliendelea kuletewa mabinti mpaka macho yakamshinda, akafa kabla ya Uhuru. Ferista alizaa watoto sita, wanne wakakua. Elizabeti alipozeeka Ferista ndiye aliyempikia, na habari ya sufuria hawakuizungumza. Sufuria ilitoboka kitako ikawekwa chini ya mchirizi wa paa, baadaye haikuonekana.