Hospitali ya Kitambaa

Ukumbi wa Galbet ulifunikwa kitambaa cha kijani, ukuta mzima hadi sakafuni. Wakubwa wa serikali walitaka filamu ya hospitali mpya ya kijiji chetu cha Sangailu, ambayo bado haijajengwa, nami nikachaguliwa kuwa mzee wa kufurahi.

"Adeer, ami yangu, hospitali iko hapo mbele," alisema Abdimalik, kijana aliyeongoza filamu. "Tutaiweka baadaye kwa kompyuta. Wewe ione tu, utabasamu."

Nilitazama, miguu ikakataa kutulia. Kitambaa kama kile ndicho kilichofunika jeneza la mke wangu Barwaqo. Alifia njiani na mtoto tumboni, kwa sababu Sangailu hatuna daktari.

"Kata! Adeer, hata ngamia anatulia kuliko wewe. Mbona unazungukazunguka?"

"Nisimame vipi na nina mgonjwa?"

"Mgonjwa gani?"

"Si umesema hii ni hospitali?"

Akacheka. "Haya basi, mlete mgonjwa wako. Anza!"

Nikaenda mpaka kwenye kitambaa, nikakipiga kwa kiganja. "Daktari! Mama anatoka damu! Fungua, wallahi anakufa!" Kitambaa kikatikisika tu. Nikaita mpaka sauti ikakauka. Hakutoka mtu. Wale wa taa waliinamisha vichwa.

Abdimalik alinishika bega. "Umeigiza vizuri sana, adeer. Lakini wakubwa wanataka tabasamu."

"Waambie waje wasimame hapa wenyewe," nikamwambia, nikitafuta viatu nilivyovua nisichafue kitambaa. "Si wao ndio wanaiona?"