Zamu ya Jumanne

Jumanne asubuhi wavuvi wa Kifante walikuwa ufukweni wakishona nyavu, kwa kuwa kwa mila yao siku hiyo bahari hupumzika na hakuna anayevua. Mtumbwi mmoja tu, Adom, ulikuwa bado majini. Jioni iliyotangulia, meli kubwa ya uvuvi iliyoingia eneo la mitumbwi iliupasua ubavu, ikaivunja mashine yake, kisha ikaenda zake. Ndani walikuwamo watu wanne, na maji yalikuwa yamewafika magotini.

Nahodha, Egya Kwamena, aliinua redio na kufuata utaratibu aliofundishwa.

"Meidei, meidei, meidei. Hapa ni Adom, Adom, Adom. Tuko kusini mwa mnara, tunazama. Watu wanne. Nasikiliza."

Redio ilikoroma tu. Kituo cha uokoaji kilikuwa kimefungwa, maana wakuu wake walikwisha kukata shauri kwamba, maadamu Jumanne hakuna anayevua, basi Jumanne hakuna anayezama.

"Ita tena, Egya," alisema Fiifi, akichota maji kwa sufuria. "Labda wanakunywa uji."

"Uji gani huo tangu alfajiri?"

Alipoita mara ya tatu, alijibiwa.

"Adom, nimekupata vizuri. Hapa ni Ekow. Nani huyo anayechota maji kivivu hivyo?"

Ekow alikuwa mdogo wake Egya. Meli hiyohiyo ilimzamisha mwaka juzi.

"Kumbe ni wewe! Mama bado anakulilia, bwana."

"Mwambie apunguze, kaka. Chumvi huku tunayo ya kutosha. Tupeni kamba."

Ekow na wenzake waliozama zamani walifika kwa miguu, maji yakiwaishia kiunoni mahali ambapo nanga haigusi chini. Waliuvuta mtumbwi hadi ufukweni. Wanawake wakawapokea wale wanne kwa vifijo, na wavutaji kwa salamu.

"Pandeni basi, mle dokono la mahindi na samaki," Egya aliwakaribisha.

"Tutakula siku nyingine," alijibu Ekow, akikunja kamba. "Ile meli bado iko kazini, na kuna mtumbwi wa kijiji kingine unaita."

Jumatano mkuu wa kituo alifungua ofisi, akasimuliwa yote, akaridhika. Alisema kwamba, kwa kuwa Jumanne imepata watu wa zamu, haoni sababu ya kubadili ratiba. Aliuliza jambo moja tu: kama marehemu hao wangeweza kushika na zamu ya Jumapili.